Asiyeweza na Asiyepewa

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lina orodha fupi ambayo wasomaji wengi huipita mbio. Baada ya kutangaza kuwa nchi ya ujamaa ni nchi ya wafanyakazi, ambamo mtu mzima mwenye nguvu zake hali jasho la mwenzake, Azimio linawataja wanaosamehewa: watoto wadogo, wazee wasiojiweza tena, vilema, kama walivyoitwa wakati huo, na mwishoni wale ambao dola kwa wakati fulani imeshindwa kuwapatia kazi ya kujipatia riziki. Mafungu haya manne yamewekwa mstari mmoja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo. Matatu ya kwanza yanasamehewa kwa sababu ya hali iliyomo mwilini mwa mtu. La nne linasamehewa kwa upungufu ulio nje ya mtu, na Azimio lenyewe linakiri kuwa upungufu huo ni wa dola. Mtu wa fungu la nne hajashindwa, hajapewa. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba wengi wa watu wenye ulemavu, na wengi wa wafanyakazi waliovuka umri fulani, wanaohangaika leo kutafuta ajira, ni watu wa fungu hilo la nne walioandikishwa katika la pili na la tatu. Kosa hilo linaonekana dogo, la makarani. Lakini likishafanyika, deni la haki hugeuka kuwa suala la huruma, na mwenye kudai huanza kuonekana mwenye kuomba.

Haitakuwa haki kumbebesha Mwalimu Nyerere lawama peke yake. Orodha ile ilitungwa kwa wema, ili asilaumiwe kwa unyonyaji mtu ambaye hawezi kushika jembe. Tena wanafalsafa wa nchi tajiri wamefanya vivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi. John Rawls wa Marekani, aliyejenga nadharia ya haki mashuhuri kuliko zote za karne ya 20, alianza kwa kudhania kuwa wanajamii wanaopatana masharti ya maisha ya pamoja ni watu wanaoweza kushirikiana kikamilifu maisha yao yote. Suala la ulemavu akaliahirisha. Martha Nussbaum alimkosoa kwa hilo, kwamba ukimweka mtu nje wakati kanuni zinatungwa, ukimwingiza baadaye atakuta viti vyote vimeshapimwa kwa miili ya wengine. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania nayo ina alama ya mawazo hayo. Ibara ya 11 inataja haki ya kufanya kazi, kisha katika pumzi hiyo hiyo inautaja uzee, maradhi na ulemavu, ila kwa upande wa msaada wa jamii kwa asiyejiweza. Sisemi Katiba inawanyima kazi, maana ibara ya 22 inampa haki hiyo kila mtu. Nasema mpangilio wa maneno unaonyesha akili ya mpangaji ilikokuwa imeelekea: kazi ni ya hawa, msaada ni wa wale.

Tofauti ya asiyeweza na asiyepewa si nadharia tupu, na mashine ya kushonea inatosha kuithibitisha. Fundi ambaye miguu yake imepooza, ukimkalisha mbele ya cherehani ya kukanyaga, hawezi kazi. Mkalishe mbele ya cherehani ya kuzungusha kwa mkono, au ya umeme yenye swichi ya mezani, naye ni fundi kama mafundi wengine. Miguu yake haikubadilika kati ya mashine ya kwanza na ya pili. Amartya Sen amekuwa akieleza jambo hili kwa lugha ya uchumi: mtu mwenye ulemavu hupata taabu mara mbili, kwanza katika kuzipata fedha, kisha katika kuzigeuza fedha hizo ziwe maisha, kwa kuwa shilingi ile ile inayomfikisha mwenzake sokoni kwa daladala yeye haimfikishi. Kwa hiyo anayeuliza kama mtu fulani anaweza kazi ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni kazi hiyo imepangwaje, na nani aliyeipanga.

Maandiko ya dini, ambayo kwa kawaida tunayaendea kutafuta maneno ya faraja kwa wenye shida, yana mengi kuhusu mpangilio wa kazi, na si yote yanayotufurahisha. Katika Mambo ya Walawi sura ya 21 imeamriwa kwamba mzao wa Haruni aliye kipofu, au kiwete, au mwenye kibiongo, asikaribie madhabahu kutoa sadaka. Lakini mkate mtakatifu ataula pamoja na ndugu zake. Anapewa chakula, ananyimwa huduma. Wafasiri wameeleza sura hiyo kwa kanuni za ibada za wakati ule, na hapa si mahali pa kuhukumu maelezo yao. Linalonigusa ni jinsi mpango ule unavyofanana na sera nyingi za leo zisizo na uhusiano wowote na madhabahu: posho ipo, mlango wa kazi umefungwa. Hata hivyo Biblia hiyo hiyo, katika kitabu cha Hesabu sura ya 8, ina kanuni ya utumishi ambayo idara ya rasilimali watu ingeweza kujifunza kwayo. Mlawi ataanza kazi ya hema akiwa na miaka 25, na akifika 50 ataachishwa kazi nzito. Lakini hafukuzwi hemani. Atawasaidia ndugu zake katika kuangalia na kulinda. Mzigo umeondolewa begani, mtu amebaki kazini. Sheria hiyo ya kale imeweza kutenganisha kupungua kwa nguvu na kuisha kwa faida ya mtu, jambo ambalo barua nyingi za kustaafisha hazijaliweza.

Mfano ulio mzito kuliko yote, kwa maoni yangu, umo katika historia ya Waislamu wa kwanza, nao umezoeleka mno hata uzito wake hauonekani. Kila mwanafunzi wa madrasa anajua kwamba Sura ya Abasa iliteremka kwa sababu ya Abdullah bin Umm Maktum, kipofu aliyemjia Mtume (s.a.w.) akitaka kufundishwa, wakati Mtume akizungumza na wakubwa wa Kikureshi. Wahubiri wengi huishia hapo na kutoa funzo la upole: tusiwakunjie uso wenye ulemavu. Lakini maisha ya Ibn Umm Maktum yaliendelea baada ya aya zile. Aliwekwa kuwa muadhini wa Madina pamoja na Bilal, na Mtume alipotoka mjini alimwachia kuwaswalisha watu. Tena katika Hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Bilal huadhini usiku ungalipo, na wanaofunga waendelee kula na kunywa mpaka aadhini Ibn Umm Maktum, ambaye hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kuwa kumekucha. Tafakari hapo. Adhana ya alfajiri ni kazi ya kutazama upeo wa mbingu. Ni kazi ambayo mtu wa haraka angesema kipofu haiwezi kabisa. Waislamu wale hawakumtafutia kipofu kazi ya pembeni isiyohitaji macho. Walimpa ile ile, yenye amana kubwa, maana mji mzima ulifunga kwa sauti yake, kisha wakaipanga upya: mwenye macho aliangalia na kumwambia, yeye akapanda na kuita. Leo wanasheria wangeita hayo marekebisho stahiki ya mazingira ya kazi, nayo yaligharimu mtu mmoja wa kusema kwamba kumekucha.

Kuna Hadithi nyingine, iliyomo katika Sunan ya Abu Dawud, ambayo baadhi ya wanazuoni wamekuwa na maneno juu ya sanadi yake, ila mafundisho yake yamepokewa sana. Mtu wa Ansari alikuja kuomba. Mtume akamuuliza ana nini nyumbani. Ana nguo nzito anayoivaa nusu na kuitandika nusu, na bakuli la kunywea maji. Vikaletwa, vikanadiwa, vikapata dirhamu mbili. Dirhamu moja akaambiwa anunulie watu wa nyumbani chakula, nyingine anunue shoka. Mtume akalitia mpini kwa mkono wake, akamtuma akatafute kuni auze, asionekane siku 15. Akarudi na dirhamu kumi. Watu huisimulia Hadithi hii kuwaonya ombaomba, na kwa kweli onyo limo. Lakini hesabu yake ndiyo yenye elimu. Chakula kilitangulia shoka, kwa kuwa hakuna anayejifunza kazi huku watoto wanalia. Shoka lilikuja na mpini, tayari kwa kazi. Na muda uliwekwa, kisha mtu akarudi, akapokelewa, akasikilizwa alichovuna. Mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri zetu, ambao 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, una shoka bila dirhamu ya chakula, na mara nyingi bila mpini. Ulisimamishwa mwaka 2023 baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha fedha nyingi zisizorejeshwa na vikundi hewa, ukarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Mjadala wa wakati ule ulihusu wizi, na ulistahili. Haukuuliza sana ni wangapi walioshindwa kulipa kwa sababu mtaji uliliwa mwezi wa kwanza na matumizi ya nyumbani, kama ambavyo ungeliwa kwa yeyote.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa wenye ulemavu hawapungui asilimia 3 ya watu wake. Kenya ina asilimia 5 katika Katiba yake ya 2010, ibara ya 54, kwa vyombo vya umma, tena kwa hatua. Ni tarakimu nzuri, na ni chache mno ukizilinganisha na sensa ya Tanzania ya 2022, iliyoonyesha kuwa zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi wenye umri wa miaka 7 na kuendelea ana ulemavu wa aina fulani. Lakini tatizo la tarakimu halianzii kwenye uchache. Uingereza ilipitisha mwaka 1944, askari majeruhi wakirudi kutoka vitani, sheria yenye vipimo vile vile: wafanyakazi 20, asilimia 3. Kwa nusu karne waajiri walioshitakiwa kwa kuivunja walihesabika kwa vidole, waliotimiza wakazidi kupungua, hadi ikafutwa na sheria mpya ya 1995. Ilikufa kwa kuwa ilihesabu vichwa bila kugusa kazi yenyewe. Mwajiri aliambiwa aajiri; hakuna aliyemwonyesha jinsi ya kuipanga kazi upya, wala aliyemsaidia gharama, wala aliyemfuata. Kwetu, ukaguzi wa kazi ukiwa na maofisa wachache na nchi ni pana, hakuna sababu ya kutegemea mwisho tofauti.

Hapo ndipo mpinzani mwenye akili anaposimama, na asibezwe. Atasema: gharama ni kweli. Mkalimani wa lugha ya alama analipwa, maandishi ya nukta nundu yanachapwa, choo kinapanuliwa, na mwenye duka la watu 20 anashindana na mwenye duka la watu 19 asiyeguswa na sheria. Ana hata ushahidi wa kitaalamu. Mwaka 2001 Daron Acemoglu na Joshua Angrist walichapisha utafiti uliodai kuwa baada ya sheria ya Marekani ya 1990 ya kuwakinga wenye ulemavu dhidi ya ubaguzi, ajira zao zilishuka badala ya kupanda, kwa sababu waajiri waliogopa gharama na mashtaka wakaacha kuwaajiri tangu mwanzo. Matokeo hayo yalibishaniwa, hasa juu ya namna ya kumhesabu mwenye ulemavu. Mimi nitayakubali kwa ajili ya hoja. Yanathibitisha nini? Yanathibitisha kwamba ukiliweka deni la jamii nzima juu ya bega la mwajiri mmoja, mwajiri atalikwepa. Hayathibitishi kwamba deni halipo. Ujerumani imelipanga kwa namna nyingine: mwajiri wa watu 20 na zaidi asiyefikisha asilimia 5 hulipa ada kwa kila nafasi iliyo wazi, na ada hizo hurudi kugharamia vifaa, mafunzo na nyongeza za mshahara kwa wale wanaoajiri. Asiyetaka kulipa kwa vitendo hulipa kwa fedha, na fedha yake humwondolea mzigo anayetenda. Sheria yetu ya 2010 ina mfuko wa taifa wa watu wenye ulemavu ndani yake. Kinachokosekana ni mfereji kutoka kwa asiyetimiza asilimia 3 hadi kwenye mfuko huo, na kutoka mfukoni hadi kwenye meza ya mfanyakazi.

Anayedhani kwamba bila fedha nyingi hakuna linalowezekana na aangalie Mto Kongo, kati ya Kinshasa na Brazzaville. Tangu enzi za Mobutu, watu wenye ulemavu walipunguziwa nauli ya kivuko na kulegezewa ushuru wa mizigo. Basi wakageuka kuwa wafanyabiashara wa mto: baiskeli za magurudumu matatu zilizopakiwa vitambaa na vyakula hadi mwenye nazo haonekani, wasukumaji wasio na ulemavu wakiajiriwa nao, vyama vyao vikijadiliana na maofisa wa forodha. Miguu iliyokuwa sababu ya kunyimwa ajira mjini ikawa leseni ya biashara bandarini. Sitaki kuupamba mpango ule. Ulikaa kwenye ukingo wa magendo, maofisa waliutumia kujaza mifuko yao, na siasa za miji miwili ziliuvunja mara kwa mara. Lakini kama uthibitisho wa jambo moja unatosha: watu waliohesabiwa kuwa hawawezi walionekana wanaweza mara tu kanuni moja ilipobadilishwa.

Kwa upande wa wazee, kosa hilo la uandikishaji hufanywa kwa tarakimu moja tu. Tangazo la kawaida la ajira serikalini Tanzania lina sharti kwamba mwombaji asiye mtumishi wa umma tayari awe na umri usiozidi miaka 45. Karibu na sharti hilo huja sentensi nyingine, kwamba watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba. Mtu aliyepoteza mguu akiwa na miaka 46, akaachishwa kazi ya mgodini, ataisoma sentensi moja inayomkaribisha na nyingine inayomfukuza. Mantiki ya 45 inaweza kukisiwa: kutoka hapo hadi 60, umri wa kustaafu kwa lazima, ni miaka 15, yaani miezi 180, muda wa chini wa kuchangia ili kupata pensheni. Ni mantiki ya kulinda mafao, na kwa mhasibu imekamilika. Kwa mtu wa miaka 50 mwenye ujuzi, maana yake ni kuambiwa kwamba kwa kuwa hatutaweza kukulipa pensheni, hatutakulipa na mshahara. Ni kana kwamba mchango wake ungeshindikana kurejeshwa kwa mkupuo, au kuhamishwa, au kupangiwa hesabu nyingine. Ndiyo maana mabishano makali juu ya kikokotoo cha mafao ya kustaafu, yaliyoanza 2018 na kurudi 2022, yaliwahusu walio ndani pekee; aliye nje hana hata cha kukokotolewa.

Na hapa kuna pingamizi ambalo katika nchi yetu ndilo lenye nguvu kuliko yote: vijana. Maelfu humaliza vyuo kila mwaka na kukaa vijiweni, halafu serikali ihangaike na mtu wa miaka 55? Nitakubali sehemu. Katika ikama ya serikali, ambako nafasi zimehesabiwa na kibali ni kimoja, mzee akibaki kwenye kiti kijana hakipati, na wakubwa kuongezewa mkataba baada ya kustaafu ni jambo la kuchukiza ambalo halina uhusiano na haki ninayoitetea. Lakini uchumi wa nchi hauna idadi maalumu ya viti. Ufaransa iliteremsha umri wa kustaafu hadi 60 mwaka 1982, mojawapo ya matumaini likiwa kuwapisha vijana, na ukosefu wa ajira kwa vijana wake ukabaki mkubwa. Jonathan Gruber na David Wise walipokusanya mwaka 2010 uchunguzi wa nchi 12, hawakupata dalili kwamba kuwaondoa wazee kazini kunawafungulia vijana. Sehemu ya sababu inaonekana kwa macho katika karakana yoyote ya useremala au gereji: fundi mzee akiondoka, hufuatana na wanafunzi watano waliokuwa wakijifunza kwake.

Dini nazo zimelisema hili la mzee kwa ukali wake. Abu Yusuf, katika kitabu chake juu ya kodi, anasimulia kwamba khalifa Umar bin Khattab alimkuta mzee kipofu, Myahudi, akiomba mlangoni kwa watu. Alipomuuliza kilichomfikisha hapo, alijibu ni kodi, na haja, na umri. Umar alimpeleka kwake, akampa alichokuwa nacho, kisha akaagiza hazina imwondolee kodi yeye na wa mfano wake na kumtunza, kwa hoja kwamba si uadilifu kula ujana wa mtu kisha kumtupa uzeeni. Ile ni hoja ya deni, na dini yake haikumzuia kulipwa. Na katika Mathayo sura ya 20, mwenye shamba la mizabibu anawakuta watu sokoni saa ya kumi na moja, anawauliza kwa nini wamesimama mchana kutwa bila kazi. Wanajibu kuwa hakuna aliyewaajiri. Mababa wa Kanisa, kuanzia Origen, waliziona saa zile kuwa ni umri wa binadamu, na saa ya kumi na moja kuwa uzee. Wahubiri wetu hushughulika zaidi na dinari waliyolipwa na manung'uniko ya waliotangulia. Mimi naona jibu lao lina uzito sawa na dinari. Mwenye shamba hakuwauliza kwa nini ni wavivu mara ya pili. Alilipokea kuwa ni kweli kwamba asiyefanya kazi anaweza kuwa ni mtu ambaye hakuajiriwa tu, akawaambia nao waende shambani.

Lipo pingamizi linalotoka upande wa wale wanaowapenda wenye ulemavu kuliko mimi pengine, nalo ndilo gumu kwangu. Wanasema: ukipigia kelele kazi namna hii, unamfanya mtu awe na thamani kwa kile anachozalisha. Ibara ya 25 ya Katiba yetu inaiita kazi kipimo cha utu. Je, aliyelala kitandani miaka 20, asiyeweza hata kugeuka, utu wake ni sifuri? Hapana, na ibara hiyo isomwe kwa uangalifu. Utu wa mtu unatangulia kazi, na kwa mwenye kuamini umetoka kwa Muumba kabla ya kiungo chochote kuonekana kizima au kibovu. Kama kazi inapima utu, basi kipimo hicho kinafaa kuelekezwa kwa anayegawa kazi kuliko kwa anayeiomba. Na asiyeweza kabisa, fungu la tatu la kweli, haki yake ni kuishi bila kuhojiwa. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa pensheni kila mkazi aliyefika miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni fedha ndogo, lakini msingi wake ni mkubwa, kwa kuwa haimtaki mzee athibitishe unyonge wake kwa mjumbe au sheha. Posho ya namna hiyo haigombani na haki ya kazi. Ni ile dirhamu ya kwanza. Zinagombana pale tu dirhamu ya kwanza inapotumika kama kisingizio cha kutonunua shoka.

Wapo pia wanaosema kwamba mwenye ulemavu amewekwa na Mungu awe mlango wa thawabu kwa wengine, na sadaka ikiondoka mlango unafungwa. Hoja hii haisemwi sana kwa uwazi, ila inaishi katika milango ya misikiti na makanisa kila Ijumaa na Jumapili. Inatosha kujibu kwamba haikumzuia mtu yeyote kumpa Ibn Umm Maktum adhana.

Kinachobaki ni swali la nani mwenye kuthibitisha. Kwa sasa mtafuta kazi ndiye anayebeba ushahidi: athibitishe kwa cheti cha daktari kiwango cha ulemavu wake, kisha athibitishe kwa mwajiri kwamba ulemavu huo huo hautamzuia, mambo mawili yanayovutana. Mzee athibitishe kuwa bado ana nguvu kwa mtu ambaye ameshasoma mwaka wake wa kuzaliwa na kufunga faili. Kama fungu la nne la Azimio lina maana, ushahidi unapaswa kutoka upande wa pili. Kabla mtu hajaandikwa kuwa hajiwezi, ofisi iliyomkataa ieleze kwa maandishi kazi ilikuwa ipi, imejaribu kuipanga upya kwa namna gani, kifaa gani kiliombwa mfukoni na kwa nini hakikupatikana. Wengine watabaki wasioweza hata baada ya hapo, na watunzwe kwa heshima. Na katika tangazo lijalo la ajira, mwenye kuandika miaka 45 aongeze mstari mmoja chini yake unaomweleza mwombaji wa miaka 46 ni kipi katika kazi ile kinachomshinda.